Umeshuka Schiphol, Sasa Unakwendaje? Usafiri wa Uholanzi kwa Mbongo Mgeni

Kila mwaka ikikaribia mwezi wa nane napata meseji za aina moja: "Dogo, nimepata skolashipu ya Uholanzi, naondoka wiki ijayo, hivi huko watu wanatembeaje?" Wengine wanakwenda IHE Delft kusomea mambo ya maji, wengine ITC kule Enschede kusomea ramani na upimaji, wengine ISS Den Haag. Hapa kwetu Olmotonyi, penye Chuo cha Misitu tangu mwaka 1937, jina linalotajwa zaidi ni Wageningen. Halafu kuna wale wa Lakilaki, maana ile Mahakama ya masalia iliyorithi kazi za ICTR ina tawi Arusha na tawi Den Haag, na watu wake wanahamishwa huku na huku.

Mimi sijasoma huko. Nimeishia form four. Ila dada yangu alisoma Wageningen, na mwaka 2024 nilikwenda kumtembelea kwa viza ya siku 90, Oktoba hadi Desemba. Niliyoyaona, niliyopigwa faini, na niliyoyachimba baadaye nayaweka hapa ili we usirudie makosa yangu. Ni marefu kidogo, vuta stuli.

Kwanza ukubwa wa nchi. Uholanzi nzima pamoja na maji yake ni kama kilomita za mraba 41,500. Mkoa wa Arusha peke yake ni 37,576. Kwa hiyo ukitoa maziwa na ghuba zao, nchi kavu yao ni ndogo kuliko mkoa wetu! Tofauti ni kwamba sensa ya 2022 ilitukuta Arusha watu milioni 2.3 na ushee, wao mwaka 2024 walivuka milioni 18. Sasa jiulize wanapitaje bila kukanyagana. Jibu ni reli na baiskeli, na kila mtu kufuata utaratibu mpaka unakereka.

NDANI YA UWANJA WA NDEGE

Ndege ya usiku kutoka KIA inakushusha Schiphol asubuhi. Hapo ulipo pako kama mita tatu chini ya usawa wa bahari. Palikuwa ziwa, wakalikausha kufikia mwaka 1852. Mtu wa mlimani kama mimi nilipoambiwa hivyo nilitazama juu kama vile maji yatashuka.

Usitoke nje kutafuta stendi. Stesheni ya treni iko humo humo chini ya uwanja, unashuka tu kwa ngazi. Watakufuata watu ndani ya ukumbi wanasema "taxi, taxi, my friend". Achana nao kabisa. Teksi halali ina namba za gari za rangi ya bluu na inapanga foleni nje. Hata hiyo halali, kufika Amsterdam mjini ni euro 50 na kuendelea, wakati treni ni kama euro 6 na dakika 15 hivi. Kwa hesabu rahisi ya euro moja kwa shilingi 3,000 utaona mwenyewe tofauti. Labda uwe na masanduku manne na mtoto mgongoni.

Kwenda Ede-Wageningen ni kati ya euro 15 na 20. Na hapo wengi wanakosea: Wageningen yenyewe haina stesheni! Unashuka Ede-Wageningen, halafu unachukua basi. Dada aliniandikia hivyo kwenye karatasi na bado nikamwuliza mtu kwenye treni "Wageningen tunafika saa ngapi?" Akanitazama kwa huruma.

KUGUSISHA KADI, HAPA NDIPO PESA INAPOLIWA

Kwetu unapanda kifodi Ngaramtoni, konda anakukusanyia nauli ukifika Sakina, mnabishana kidogo, unashuka Kilombero. Kule konda wa kukukumbusha hakuna. Ni wewe na mashine.

Zamani walikuwa na tiketi za vipande vya karatasi za kugonga mhuri. Baadaye ikaja kadi inayoitwa OV-chipkaart, ambayo ilianzia Rotterdam mwaka 2005 na kuenea nchi nzima. Tangu 2023 unaweza kutumia kadi yako ya benki moja kwa moja nchi nzima, ile yenye alama ya mawimbi, Visa au Mastercard, au simu yenye kadi ndani yake. Mfumo huo unaitwa OVpay. OV-chipkaart yenyewe wanaiondoa taratibu, kwa hiyo mgeni wa leo asikimbilie kuinunua bila sababu. Ukikata tiketi ya karatasi kwenye mashine inapatikana, ila ina nyongeza kidogo.

Sheria ni moja: UNAGUSISHA UKIINGIA, UNAGUSISHA UKITOKA. Kwenye treni mashine ziko stesheni, kwenye mageti au kwenye nguzo fupi zilizosimama tu. Kwenye basi na tramu ziko mlangoni ndani ya gari. Nauli inapigwa kwa umbali, sasa usipogusisha kutoka mashine haijui ulishuka wapi, inakukata kiwango cha adhabu: kwenye treni ni euro 20, kwenye basi, tramu au metro ni euro 4. Stesheni ndogo hazina mageti, unatoka tu unapitiliza nyumbani, unakuja kushtuka usiku umelala. Ikikutokea usikate tamaa, kuna huduma ya mtandaoni ya kudai, inaitwa Uitcheckgemist, na wenye OVpay wanadai kwenye akaunti yao ya OVpay. Mara nyingi wanarudisha.

Sasa sikia langu. Wiki ya kwanza nilipanda treni nikaona behewa limekaa vizuri, viti vipana, watu wachache, kimya. Nikasema Mungu ni mwema. Akaja mkaguzi, mama wa makamo, mpole kabisa. Akagusisha kadi yangu kwenye kimashine chake, akasema mimi ni daraja la pili na hapa ni la kwanza. Kumbe pembeni ya mlango kuna namba 1 kubwa tu! Nilijaribu Kiswahili chetu cha "mama naomba unisamehe, mimi mgeni", kwa Kiingereza cha form four. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema anaelewa sana, akaandika faini. Hakuna kelele wala "toa ya chai". Makumi ya euro yameondoka. Dada alilipia kutoka kwenye posho yake ya mwezi, na mwezi ule tulikula wali na maharage mpaka tarehe 24. Sikumwambia mama nyumbani, nadhani anasoma hapa leo. Shikamoo mama.

Basi kumbukeni: kadi ya benki unayoigusisha inakupa daraja la pili kwa nauli kamili. Na mambo mengine matatu manne ambayo hayaandikwi ukutani:

Kadi ya plastiki na kadi ile ile iliyomo kwenye simu ni vitu viwili tofauti kwa mashine. Ukiingia na simu, toka na simu. Wengi wanaingia na simu, chaji inaisha, wanatoka na plastiki, wanakatwa mara mbili.

Watu wawili hawawezi kutumia kadi moja. Mke na mume kila mtu na yake.

Makampuni ni mengi. Treni kubwa ni za NS, lakini njia za pembeni zina wengine, kwa mfano Arriva. Ukibadilisha kampuni stesheni hiyo hiyo, ni lazima ugusishe kutoka kwenye nguzo ya huyu na kuingia kwenye nguzo ya yule. Angalia nembo. Mijini nako Amsterdam ni GVB, Rotterdam ni RET, Den Haag ni HTM. Kwenye basi na tramu, ukibadilisha ndani ya dakika 35 hulipi tena kile kianzio cha nauli, ambacho ni kama euro 1.

Pesa taslimu kwenye basi hawapokei. Usije ukamnyooshea dereva noti, hata ukiwa na sura ya huzuni.

Na nauli kamili ni ghali, tusidanganyane. Ndiyo maana wenyeji wengi wana usajili wa mwezi. Ule wa NS unaoitwa Dal Voordeel unakupunguzia asilimia 40 nje ya saa za msongamano. Msongamano wao ni Jumatatu hadi Ijumaa, saa 12:30 hadi saa 3:00 asubuhi, na saa 10:00 hadi 12:30 jioni, hizi ni saa zetu za Kiswahili. Jumamosi na Jumapili ni nafuu siku nzima. Kwa anayekaa mwaka, ukisafiri kwa treni hata mara mbili tatu kwa mwezi umesharudisha hela yako. Kitu ambacho wanafunzi wetu wanadanganywa: mtu anawaambia "wanafunzi Uholanzi wanasafiri bure". Wanaosafiri bure ni wale wanaopata mkopo na ruzuku ya serikali yao. Mwanafunzi wa kimataifa wa kawaida kutoka Bongo hayumo humo. Weka nauli kwenye bajeti yako kabla hujaondoka.

KUSOMA UBAO, NA SAA ZAO

Programu za simu ni mbili, NS na 9292. Hiyo ya pili inakupangia mlango kwa mlango, treni, basi, tramu, feri, mpaka dakika za kutembea kwa miguu. Maneno ya ubaoni: spoor ni jukwaa la treni, uitgang ni kutokea, vertraging ni kuchelewa, na rijdt niet maana yake treni hiyo haiendi, tafuta nyingine. Wikiendi wanapenda sana kukarabati reli, wanaweka mabasi badala ya treni, na safari ya saa moja inakuwa mbili. Siku ya interview au ya ndege angalia programu jana yake na asubuhi yake.

Nyingine: treni nyingine hugawanyika njiani. Mabehewa ya mbele yanakwenda mji huu, ya nyuma mji mwingine! Wanatangaza, lakini kwa Kiholanzi kwanza, na mimi nilikuwa na muziki masikioni. Nikajikuta mji ambao hata jina siwezi kulitamka, saa tano usiku, nyuzi joto mbili. Treni ya kurudi ilikuwepo, ila nilipofika Ede basi la mwisho lilikuwa limeshaondoka. Nilitembea kwa miguu karibu saa moja na nusu. Dada alikuwa amesimama mlangoni na koti. "Mdogo wangu, hapa si Ngaramtoni, hakuna bodaboda ya kukuokoa." Siku hizi naangalia kwanza usafiri wa mwisho wa kurudi ndipo natoka. Ile miji mikubwa, Amsterdam, Den Haag, Rotterdam, Utrecht, ina treni za usiku. Vijijini usiku ni wako na miguu yako.

Kuhusu saa, kuna mtego. Mholanzi akikuambia kwa lugha yake "half tien" hasemi saa nne na nusu yetu. Anamaanisha nusu ya KUELEKEA kumi, yaani 9:30, kwetu saa tatu na nusu. Ukichanganya na Kiswahili ambacho tayari kina saa sita za tofauti, unaweza kufika lisaa limepita. Wakiniambia muda nilikuwa naomba waandike kwa namba. Halafu mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, wanasogeza saa. Mimi ilinikuta tarehe 27 Oktoba 2024, nilifika kanisani mapema mpaka mlinzi akadhani nimekuja kuiba.

BAISKELI

Huku kwetu baiskeli ni ya kubebea maji na majani ya ng'ombe. Kule profesa anaendesha, waziri mkuu anaendesha, bibi wa miaka 80 anakupita kwenye upepo. Inakadiriwa zipo kama milioni 23, nyingi kuliko watu. Pale Utrecht Centraal kuna maegesho ya baiskeli 12,500, ya ghorofa, yalikamilika 2019 na ndiyo makubwa kuliko yote duniani ya aina hiyo. Saa 24 za kwanza bure. Niliiacha yangu pale, nikaitafuta dakika arobaini. Piga picha namba ya mstari.

Mtumba mzuri unapata kwa euro 80 hadi 150. Ukiuziwa kwa euro 20 na kijana mwenye haraka usiku, hiyo ni ya wizi, na kununua ya wizi ni kosa kwako pia. Kuna kukodi kwa mwezi, Swapfiets, kampuni iliyoanzia Delft 2014, utazijua kwa tairi la mbele la bluu. Ni kama euro 20 kwa mwezi, ikiharibika wanakuja kutengeneza. Kwa wa mwaka mmoja naona inalipa. Kufuli weka mbili: ile ya duara ya gurudumu la nyuma, na mnyororo mnene uliofungwa kwenye chuma kisichong'oka. Chuma, nasema, siyo kwenye baiskeli ya jirani.

Baiskeli nyingi za kizamani hazina breki ya mkononi. Unakanyaga pedeli kinyumenyume ndiyo inasimama. Jizoeze kwanza uwanjani, maana mimi nilitafuta breki kwenye usukani mpaka nikaishia kwenye ua wa watu.

Sasa barabarani. Wao wanapita KULIA. Mtu wa Bongo akivuka anatazama kulia kwanza, na kifo kinatoka kushoto. Tazama kushoto kwanza, halafu kulia, halafu tena kushoto, kwa sababu kuna njia ya magari, ya tramu, na ya baiskeli ya lami nyekundu. Ile nyekundu usitembee kwa miguu wala usisimame kupiga picha. Watakupigia kengele, ukichelewa watakugonga na lawama ni zako. Ukiendesha wewe: penye pembetatu nyeupe zilizochorwa chini na ncha zikikuelekea, unasimama kumpisha mwenzako. Pasipo na alama yoyote, anayetokea kulia kwako ndiye mwenye haki. Tramu ipishe. Reli za tramu zivuke kwa kuzikata, ukizifuata sambamba tairi linaingia kwenye mfereji na unaruka.

Taa ni lazima gizani, nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Na giza la kule si la kuchezea. Mwezi wa Desemba jua linazama saa kumi na nusu jioni na linachomoza karibu saa tatu asubuhi! Polisi wanasimama kona wanakamata wasio na taa, faini ni makumi ya euro. Kushika simu huku unaendesha baiskeli ni marufuku tangu tarehe 1 Julai 2019, faini inazidi euro 100. Pombe nayo ina kikomo hata kwenye baiskeli.

Watu husema nchi ile ni tambarare kwa hiyo ni rahisi. Ni kweli, sehemu ya juu kabisa ya bara lao ni mita 322 tu, wakati Meru yetu hapa ni zaidi ya 4,500. Lakini hawakwambii habari ya upepo. Unakanyaga kwenda, upepo usoni. Unarudi jioni, umegeuka, uko usoni tena. Afadhali mlima wa Olmotonyi, unajua unaishia wapi.

Baiskeli kwenye treni inahitaji tiketi yake na saa za msongamano hairuhusiwi. Ya kukunja ni bure. Njia ya wenyeji ni OV-fiets, baiskeli za kukodi stesheni, karibu euro 5 kwa siku, ila unahitaji usajili wa NS kwanza.

LESENI YAKO YA BONGO

Hapa kuna watu wanaumia kimya kimya. Ukikaa zaidi ya miezi minne unatakiwa ujiandikishe manispaa ndani ya siku tano tangu ufike. Ndipo unapata namba ya BSN, ambayo bila hiyo benki na simu ya mkataba ni shida. Leseni ya Tanzania inakubalika siku 185 kuanzia hapo unapoandikishwa. Siku ya 186 huna leseni. Na Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo unabadilishiwa tu dirishani. Wanaobadilishiwa bila mtihani ni wale walioajiriwa na kupewa ule unafuu wa kodi wa wataalamu wa kigeni, unaoitwa asilimia 30. Kwa hiyo kama mwajiri wako ndiye aliyekuita, muulize neno hilo wiki ya kwanza, usisubiri.

Wengine wote ni kuanza upya: mtihani wa nadharia, ambao unaweza kuufanya kwa Kiingereza, na wa barabarani kwa CBR. Masomo na mitihani hufika euro 2,000 na zaidi. Kuna wanaosema "mbona naendesha tu, hakuna anayenisimamisha". Sawa, siku ukigonga mtu bima inakuja kukudai wewe. Na kibali chako cha kuishi kinakusubiri kuhuishwa, sasa hiyo kesi utaipeleka wapi? Huyo anayejigamba mwulize swali hilo.

Walio na leseni bado wajue kwamba mchana kikomo kwenye sehemu kubwa ya barabara kuu ni 100 kwa saa tangu Machi 2020, sababu ni hewa chafu ya naitrojeni. Kamera hazisinzii, na bahasha ya faini inafika nyumbani kwa posta. Wala maegesho ya mjini sitayazungumzia, hasira zitanipanda, na gari lilikuwa la rafiki.

Mwisho, kitambulisho. Kuanzia miaka 14 kila mtu anatakiwa aweze kuonyesha kitambulisho akiulizwa na polisi au mkaguzi. Kadi ya ukaazi itembee nawe, pasi ya kusafiria iache nyumbani ukishaipata hiyo kadi, isipokuwa ukivuka kwenda Ubelgiji au Ujerumani. Huko unavuka bila kusimamishwa mara nyingi, lakini siku wakiingia kwenye treni kukagua wanataka vyote viwili.

Wanaoondoka mwezi wa nane, kama unakwenda mji ambao sijautaja uliza, dada ameshasema atanisaidia kujibu. Yeye karudi, yupo hapa Olmotonyi, na baiskeli ameirudi nayo kwenye kontena. Haina breki za mkononi, na mteremko wa kwetu mnaujua.